Kijana Akifa kwa Dawa za Kulevya, Polisi Waanze na Nani?

Tuchukue mfano. Vijana watatu wamejidunga heroini katika chumba kimoja Kisenyi, Kampala. Mmoja anaanza kukoroma mkoromo mzito, midomo inageuka rangi, pumzi zinapungua. Wenzake wanaona kabisa kwamba hali ni mbaya. Wanajua pia kwamba wakiita msaada, swali la kwanza litakuwa: dawa aliileta nani? Wanaondoka. Asubuhi mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, anapowaita polisi, kilichobaki ni maiti.

Kazi ya polisi hapo inajulikana. Wanalinda eneo, wanaandikisha maelezo ya mashahidi, wanajaza Fomu ya Polisi namba 48 ya kuomba maiti ifanyiwe uchunguzi. Sampuli za damu na ini zinapaswa kufika maabara ya serikali Wandegeya, maana bila hizo hakuna atakayejua kama kilichoua ni heroini, pombe au vyote viwili. Familia nazo zinataka kuzika haraka, na polisi akiwaonea huruma akaachia mwili mapema, ushahidi unazikwa nao.

Ugumu unaanza kwenye kukamata. Askari ana hoja nzito: akiwaacha waliokuwepo waende, kufikia jioni simu zimefutwa na muuzaji amehama mtaa. Mama aliyefiwa anataka jina la mtu. Hata Bunge limeonyesha msimamo wake, kwani Mahakama ya Katiba ilipobatilisha sheria ya dawa za kulevya Mei 2023 kwa sababu akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa kupitisha sheria, haikutimia, wabunge waliipitisha upya mwaka huohuo.

Hata hivyo, kila anayetiwa pingu kando ya maiti anawafundisha wengine kukimbia siku nyingine. Jimbo la New Mexico, Marekani, lililiona hilo mwaka 2007 likatunga sheria ya kumkinga anayeita msaada asishtakiwe kwa kupatikana na dawa, na majimbo mengi yakafuata. Kinga hiyo haimgusi muuzaji. Uganda, anayepiga simu hana kinga ya namna hiyo, na aliyenusurika anaweza hata kushukiwa kuwa alitaka kujiua, jambo ambalo bado ni kosa katika sheria zetu. Ibara ya 212 ya Katiba inapoorodhesha kazi za polisi inaanza na kulinda maisha na mali. Kupeleleza uhalifu kunafuata baadaye. Kwangu mpangilio huo una uzito.

Je, muuzaji ashtakiwe kwa kuua bila kukusudia? Hasira inasema ndiyo. Lakini mwaka 2007 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, House of Lords, iliamua kwamba mtu mzima mwenye akili timamu akijidunga mwenyewe kwa hiari, aliyempa dawa hawi na hatia ya kumuua. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila wakili yeyote wa utetezi ataushika mkononi. Ndiyo maana naona shtaka la kuuza dawa ni imara zaidi: halimdai mwendesha mashtaka athibitishe ni kete ipi iliyosimamisha pumzi.

Kuna kifo kimoja ambacho sina cha kupima pande mbili: kinachotokea selo. Mtu aliyezidiwa na heroini hukoroma, na askari wa zamu, akidhani ni mlevi, anamwacha "alale". Kanuni ya Adhabu inamtwika anayemshikilia mtu asiyeweza kujitoa, kwa sababu ya kizuizi au ugonjwa, wajibu wa kumpatia mahitaji ya uhai. Katiba inampa mahabusu haki ya matibabu, na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inaruhusu afisa kuwajibishwa yeye binafsi, asijifiche nyuma ya serikali.

Askari ataniambia yeye si daktari. Kweli, lakini kumwita mtu jina, kumtikisa, kumlaza ubavu na kumpakia kwenye pikapu ya doria hadi hospitali hakuhitaji udaktari. Naloksoni, dawa inayozuia heroini isisimamishe pumzi, hufanya kazi ndani ya dakika chache na haimdhuru aliyelewa pombe tu. Inafaa iwekwe katika kila kituo chenye selo, na aliye zamu aandike kitabuni kila mara alipomwamsha mahabusu na alivyoitika. Akifa, ukurasa huo uwe wa kwanza kusomwa na mpelelezi asiyetoka kituo hicho.