Kuku wa pili alilipiwa na nani?

Niliagiza kuku nusu na chipsi sehemu moja ya fasti fudi pale katikati ya mji wa Mwanza, jina siweki maana halitasaidia kitu, boda akanifikishia kwangu Nyakato baada ya kama dakika 40 hivi kwa sababu mvua ilikuwa imetoka kunyesha na Mabatini mnaijua ikishanyesha. Nafungua boksi, chipsi zimelala kabisa, nikasema sawa tu ndo mambo ya delivari. Kuvunja paja nakuta karibu na mfupa pekundu. Njaa ikakata hapo hapo.

Nikapiga simu. Kapokea dada mmoja, nikamweleza, akasema "pole sana kaka." Nikangoja aendelee, akarudia tena "pole jamani." Nikamuuliza sasa inakuaje, akasema ngoja nimwambie meneja, mimi moyoni nikasema hiyo imeshaisha, 12,000 yangu imeenda na maji. Kumbe haijapita hata robo saa meneja kanipigia mwenyewe, kaniuliza vitu viwili tu, umeshamla, na kuna mtoto amemla? Nikamjibu hapana. Akasema samahani bro, hapo tumekosea sisi, nakutumia mwingine sasa hivi, boda tunamlipa sisi, huyo wa kwanza usimle na wala usihangaike kumrudisha. Kuku wa pili alikuja wa moto, chipsi zimefungwa peke yake na boksi limeachwa wazi kidogo juu. Wiki nzima nilikuwa nawasifia, kila anayeniuliza wapi pa kula namtuma kule kule.

Wiki iliyofuata nikapita mwenyewe, nikamkuta yule dada kaunta, sauti nikaijua, nikamtania kwamba mimi ndo yule wa kuku mwenye damu. Akacheka kidogo, alafu akasema taratibu, "ile tulikatwa kaka yangu." Yeye na mpishi, nusu kwa nusu, 6,000 kila mtu. Wanalipwa kwa siku.

Toka siku hiyo kila nikisikia watu wanasema fulani wana kastama kea nzuri, kwanza najiuliza huo uzuri kaulipia nani.

Nianze na upande wa mteja maana ndo upande wangu. Meneja yule alifanya vizuri, sibishi, na kilichofanya iwe vizuri sio kuku wa bure. Ni neno samahani. Kwetu pole na samahani ni vitu viwili tofauti kabisa, pole unampa aliyefiwa, aliyejikwaa, mpaka anayetoka kazini bila tatizo lolote, ukimwambia mtu pole hujakubali kosa umemwonea huruma tu. Samahani inakubali kwamba kuna jambo na mimi nimo ndani yake. Sasa asilimia kubwa ya kaunta zetu hapa mjini wanajua pole tu, pole sana mteja, pole kwa usumbufu, mteja anabaki kama amefiwa na kuku. Yule dada hakuwa mkorofi hata kidogo, sauti yake ilikuwa ya upole, ila angesema samahani angekuwa amekubali deni, na deni lenyewe (hili nimelijua baadae) lilikuwa linatoka mfukoni kwake. Wewe ungesema?

Na yale maswali mawili yalikuwa na akili sana. Kuku mbichi sio mambo ya ladha, kuna vijidudu kama salmonella na campylobacter, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani uko wazi, nyama ifike nyuzi 70 za sentigredi mpaka katikati, na chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa 2. Kwa hiyo mtu akilalamika kuku hajaiva, la kwanza ni kujua kama kuna aliyekula, habari za hela zinakuja baadae. Wengi wanaanza kwa kuuliza risiti.

Sasa twende jikoni. Rafiki yangu ana kibanda cha chipsi Buzuruga, nilipomsimulia hii habari hakunionea huruma hata kidogo, akaniambia uhakika unao kwamba alikuwa mbichi? Na kwa kweli ana pointi. Hawa kuku wa kisasa wanachinjwa wakiwa na wiki tano sita, mifupa bado haijakomaa, rangi nyekundu ya uboho inapenya kwenye mfupa na kutia wekundu kwenye nyama ya jirani hata kama imeiva vizuri, na kuku aliyetoka kwenye friza ndo inazidi. Ukitaka kujua ukweli unachoma kipimajoto kwenye nyama, sio kuangalia kwa macho. Kwa hiyo inawezekana kabisa nilirudishiwa kuku kwa kosa ambalo halikuwepo, na watu wawili wakakatwa hela kwa kosa ambalo halikuwepo. Hiyo ilinikaa vibaya.

Alafu chipsi. Chipsi zikitoka kwenye mafuta zinatoa mvuke, ukizifunga kwenye boksi la kubana mvuke unarudi ndani unazilainisha, hapo mpishi hata awe nani kutoka mjini mpaka Buhongwa zitafika zimelala. Mteja analalamikia mpishi, mpishi anamlaumu boda, boda anasema mimi nimebeba tu. Na wapo wateja wa ajabu pia, tusijifanye hawapo, mtu anakula robo tatu ya zege (chipsi mayai) anabakiza kipande chenye unywele anaita dada njoo uone, na unywele wenyewe ni wa rangi ambayo pale jikoni hakuna. Jamaa yangu anasema ukimpa huyo sahani ya pili, kesho kutwa anakuja na mwenzake. Faida ya sahani moja ni ndogo, ukitoa moja ya bure faida ya sahani kadhaa za jioni hiyo imekwenda, na mafuta ya kula bei mnaiona wenyewe.

Nakubali hesabu zake, ila hapo anaposema kwa hiyo kila mteja ahojiwe kwanza kama yuko kituoni ndo tunaachana. Matapeli ni wachache na sura zao zinajulikana haraka, mtu akilalamika mara ya tatu mwezi mmoja unamwambia kwa heshima kaka naona chakula chetu hakikufai. Kumhoji kila mtu ili umkamate mmoja ni kuwakosa waliolalamika kwa nia njema, ambao ndo wanakuonyesha jiko lako lina shida gani bila kukudai hela ya ushauri.

Mfano mzuri wa kupuuza ni ile kesi ya kahawa ya McDonald's kule Marekani, ambayo watu huku huisimulia kama kichekesho cha mama aliyejimwagia kahawa akawa tajiri. Sio hivyo. Stella Liebeck alikuwa na miaka 79, mwaka 1992 kahawa ilimuunguza mapajani mpaka akalazwa na kuwekewa ngozi, akaomba kama dola 20,000 za matibabu na hasara, kampuni ikampa ofa ya dola 800. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 1994 ikaonekana kampuni ilishapokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu kuunguzwa na kahawa hiyo hiyo ndani ya miaka 10. Mia saba! Baraza la wazee wa mahakama likaipiga faini ya dola milioni 2.7 juu ya fidia, jaji akaipunguza sana baadae, wakaja kumalizana nje. Mle ndani kulikuwa na watu wanaopokea malalamiko na kulipa hapa na pale, kilichokosekana ni mtu wa kusema hebu tushushe moto wa hii kahawa.

Na karibu na sisi, Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa viazi vya chipsi kwa sababu vilikuwa vinatoka nje na meli zimechelewa, watu wakauliza kwani Kenya haina viazi? Jibu likawa kwamba wasambazaji wote lazima wapitishwe kwa utaratibu wao wa ubora wa dunia nzima. Inawezekana kila neno lilikuwa kweli. Lakini mkulima ana viazi vimejaa shambani anaambiwa mpaka vipitishwe, hasira ikapanda, wakaanza kuitana kususia, mpaka kampuni ikasema itaangalia wakulima wa ndani. Mimi nachukua kimoja tu hapo, maelezo ya kweli yakitangulia kabla ya samahani yanasikika kama dharau. Hata hili la uboho na mifupa, meneja angenianza nalo kwenye simu ningemuona mjuaji na ningeshika simu kuandika kwenye magrupu ya WhatsApp, na mnajua magrupu ya mji huu, mpaka jioni Igoma na Kisesa wanajua.

Kuna mama mmoja anakaanga sato maeneo ya Mwaloni Kirumba, mimi ni mteja wake wa siku nyingi. Siku moja mzee mmoja akasema, mama huyu samaki wako leo ana harufu. Mama hakubisha, akamchukua yule samaki kwa mkono, akamnusa, akasema kweli baba, akamtupia paka akamwekea mwingine. Sekunde ishirini haziishi. Siku nyingine kijana akalalamika samaki mdogo, mama akamwambia mwanangu kwa hela uliyotoa ndo huyo huyo, kula, na kijana akala. Yaani mama aliamua mara mbili, mara moja kwa mteja na mara moja kwa biashara, na hakuna aliyeondoka kanuna.

Watu wanasema ni roho nzuri. Mimi naona ni kwamba yule mama ndo bosi, ndo mpishi, ndo kaunta. Samaki ni wake na hasara ni yake kwa hiyo uamuzi ni wake, hana sababu ya kusema ngoja nimuulize fulani. Ukienda kwenye hizi sehemu kubwa zenye viyoyozi na picha za chakula ukutani, vile vitu vitatu vimegawanywa, bosi ana hela, meneja ana uamuzi, dada wa kaunta ana lawama. Tunampeleka dada semina ya kutabasamu wakati hana ruhusa ya kutoa hata soda ya 1,000.

Na hapa ndo nafika kwenye makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu bosi kukata mshahara kienyeji tu kufidia hasara. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, apewe taarifa ya maandishi kabla, apate nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya malipo yake. Yule dada hakupika kuku na hakumbeba. Alipokea simu. Kakatwa kwa kupokea simu.

Sisi wateja tuna pa kusemea, kuna Tume ya Ushindani chini ya sheria ya 2003 ya kumlinda mlaji (napenda hilo neno, kwenye sheria hata ukinunua bati unaitwa mlaji), na TBS, shirika la viwango, wanaosimamia usalama wa chakula toka mwaka 2019 baada ya kazi hiyo kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Ila nani atapanda daladala na paja la kuku mkononi kwenda kushtaki? Kwa hiyo mambo yanaishia kaunta, na kaunta kuna mtu ambaye kila mteja akishinda, yeye anashindwa. Akikuambia "mbona wenzako wamekula hawajasema kitu" tunasema hana adabu, kumbe anapigania hela ya kula kwake.

Utetezi wa mabosi nausikia, kwamba usipokata watu wanazembea, kuku anatoka mbichi kila siku na hakuna anayejali, na wengine wanashirikiana na marafiki zao kutengeneza malalamiko ya uongo. Lipo hilo, sikatai. Lakini uzembe wa mpishi unautibu jikoni, unanunua kipimajoto, unamwelekeza, akirudia unamwandikia barua. Hasara ya sahani chache kwa wiki iwekwe kwenye hesabu kama vile inavyowekwa mkaa na gesi, dada aambiwe mpaka kiasi fulani kwa siku amua mwenyewe ila andika kwenye daftari nani, saa ngapi, tatizo gani. Mwisho wa mwezi bosi akisoma daftari akaona malalamiko yote yanatoka shifti ya usiku, au wote ni wa mbali na chipsi zimelala, si ameshapata jibu? Jamaa wa Buzuruga kasema atajaribu wiki mbili, na kanionya yakimshinda atakuja kula kwangu.

Mimi mwenyewe juzi niliagiza tena sehemu ile ile. Kuku safi, chipsi zimelala vibaya kuliko mara ya kwanza na zimezidi chumvi haswa. Nikashika simu, nikamkumbuka yule dada na 6,000 yake, nikairudisha mezani, nikala kuku na mkate. Bosi wake mpaka leo anadhani chipsi ziko sawa.