Tunawakalisha wazee wetu kupita kiasi

Tangu mama ahame Pangani kuja kukaa nasi Dar es Salaam, hakufagia tena uwanja, hakuchota maji, hakukuna nazi. Akijaribu tu kuinuka kwenye kochi, sauti tatu zinamwahi: "Mama kaa, unataka nini, tukuletee." Sisi watoto tuliona hiyo ndiyo heshima. Ametulea, basi na apumzike.

Mwezi wa nane mwaka jana, usiku, akienda chooni, alipepesuka akaanguka kwenye tailizi. Nyonga ilinusurika, alhamdulillahi. Kilichoniumiza kilikuja baadaye: alianza kutembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina, mikono kaitanua, nyayo anaziburuza. Hata vidato viwili vya barazani vikawa vinamtisha. Na mzee akishaogopa kutembea, miguu inazidi kumwisha nguvu, mwisho anaanguka tena.

Nasema bila kuficha: miguu ya mama tuliidhoofisha sisi, kwa mapenzi. Kusimama bila kuyumba ni kazi ya macho, sikio la ndani, nyayo zinazohisi ardhi, na misuli ya mapaja na nyonga. Umri unavipunguza vyote hivyo, lakini kukaa kutwa kunavipunguza haraka zaidi. Kule Pangani kila siku alikuwa akichuchumaa, akiinama, akiinuka mkekani. Tulimnyang'anya mazoezi yake yote tukampa televisheni.

Habari njema ni kwamba misuli ya mzee bado inafundishika. Miaka ya 1990 huko New Zealand, mazoezi mepesi ya nyumbani yanayoitwa Otago yalijaribiwa kwa wanawake wa miaka 80 na zaidi, na walioyafanya walianguka mara chache kuliko wenzao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujiweka sawa siku 3 au zaidi kwa wiki.

Kwetu tunafanya asubuhi, baada ya chai. Mama anavua ndala (zile zilizolika soli nimezitupa), anasimama mbele ya meza ya chakula, ile nzito ya mninga isiyosogea, kiti kikiwa nyuma yake na mimi ubavuni. Anaweka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, vidole vya mikono vikiwa mezani. Anahesabu. Siku ya kwanza alifika tatu. Nilichuchumaa nikautazama mguu wake: vidole vinang'ang'ania sakafu, unyayo unacheza kushoto na kulia, kano za kifundo zinatetemeka. Niliogopa, nikataka kumkalisha. Mtaalamu wa fiziotherapia alinituliza: kule kutetemeka ndiko mguu unakojifunza, mradi ana pa kushika na hana kizunguzungu wala maumivu.

Akimaliza hapo anapanda juu ya vidole na kushuka taratibu, anatembea upandeupande kuizunguka meza, kisha anakaa kitini na kuinuka mara tano, akijitahidi asijisukume kwa mikono. Hili la kitini ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu anayeweza kuinuka mwenyewe haamshi mtu usiku. Mwanzoni alishika meza kwa mikono miwili. Sasa anagusa kwa kidole kimoja.

Msianze kabla ya kumwona daktari kama mzee ameshaanguka au huona kizunguzungu akisimama. Dawa za presha zinaweza kuleta hali hiyo, na sukari ya muda mrefu hufanya nyayo zife ganzi. Chooni kwetu sasa taa inawaka usiku kucha, na kile kizulia kilichokuwa kikiteleza mlangoni nimekiondoa.

Jumapili iliyopita mama aliomba mbuzi yake. Tulitazamana, tukampa. Akakuna nazi mbili, akaweka kiganja kwenye goti, akaegemea mbele, akaanza kuinuka. Mdogo wangu alikurupuka kumdaka, nikamshika mkono. Mama alisimama kidogo mpaka miguu ilipotulia, akalichukua bakuli la nazi, akatuambia, "Haya, nipisheni, nikachuje tui."