Ipo, Lakini Haipo

Mwaka jana kichaa kilinipanda, nikataka bajaji yangu iwe na maandishi ambayo hakuna mwenzangu kijiweni anayo. Hapa Mtwara "Riziki Mafungu" zimejaa. Mpwa wangu, msomi wa ukoo, akaniandikia kwenye karatasi: Hippopotomonstrosesquippedaliophobia. Herufi 36. Eti ndiyo hofu ya maneno marefu!

Akanieleza kwamba "sesquipedalis" ni Kilatini, kitu cha futi moja na nusu, na Horace, mshairi wa Roma, alishayacheka maneno ya urefu huo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kiboko wa Kigiriki na zimwi la Kilatini wamechomekwa mbele kwa utani tu, neno lizidi kutisha. Mimi nilisikia kiboko, basi. Watu wa mto Ruvuma kiboko tunamjua.

Mchoraji wa Chikongola anatoza kwa herufi, mia tano mia tano. Alipoiona karatasi alitabasamu kama mkulima aliyesikia bei ya korosho imepanda. Turubai la nyuma likaisha, neno bado. Brashi ikakata kona, "phobia" ikaenda kumalizikia ubavuni karibu na tairi. Nikatoa 18,000.

Siku ya tatu natoka kwa mama ntilie, tumbo limejaa wali samaki, bajaji sioni. Ufunguo niliuacha palepale. (Usinicheke, joto la saa nane linasahaulisha hata jina la mkwe.) Nikampigia mwenyekiti wa kijiwe.

"Mwenyekiti, bajaji yangu imeibiwa!"

"Pole, kaka. Imeandikwaje nyuma, niwatangazie vijana?"

Karatasi ilikuwa ndani ya bajaji. Jasho likanitoka. "Imeandikwa… Hipo… Hipopo…"

"Ipo wapi?"

"Haipo!"

"Si umesema ipo?"

"Hipo ndiyo jina lake!"

"Basi kama ipo, unatafuta nini?"

Akakata simu. Nikajaribu ujumbe wa sauti kwenye kundi letu. Kilichotoka, kwa mujibu wa waliousikia, kilikuwa kama mtu anayesukutua. Mmoja akajibu, "Amina." Na huyu mdomo wangu ndio ule ule unaotamka "aliyetuandikishia", herufi 17, huku natafuna!

Mama ntilie alikuwa ameshika kichwa kuliko mimi. "Baba, si bora ungeandika 'Subira'?"

Mara bajaji hiyo, inakuja taratibu, mchoraji kwenye usukani.

"Kaka, usiku sikulala," akasema. "Ulinilipia 36, nikahesabu kwenye picha niliyopiga nikapata 35. Nikasema hapana, haki ya mtu hailiwi. Nimekuita ukiwa unanawa, hukusikia."

Akanionyesha. "P" moja ilikuwa imeongezwa juu ya mstari, nyembamba, inaning'inia kama taulo kwenye kamba, na mshale wa kuielekeza ilipotakiwa kukaa.

"Sasa niambie," akanong'ona, "huyu mganga anapatikana wapi?"