Bibi yangu si mtu wa kale

Jumamosi iliyopita, mbele ya tembe la Wagogo, nyumba yao ya jadi yenye paa bapa la udongo, pale Kijiji cha Makumbusho jijini Dar, ambapo nyumba za jadi za makabila zimejengwa kwa maonyesho, nilimsikia mwalimu mmoja akiwaambia wanafunzi wake: "Hivi ndivyo watu wa kale walivyoishi. Andikeni." Watoto kama arobaini wakainamia madaftari. Bibi yangu alikuwa ndani ya tembe lenyewe, hatua tatu kutoka walipo, mkono wake umeshika nguzo.

Tangu siku hiyo neno "walivyoishi" limenikaa kooni.

Bibi alikuja Dar kwa ajili ya macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Jicho moja limeshafanyiwa upasuaji, la pili linasubiri tarehe. Katika kusubiri huko akachoka kukaa ndani, akaniomba nimtoe. Mimi nina miaka kumi na minne katika jiji hili na kila asubuhi nawasikia makonda wakiita "Makumbusho, Makumbusho," lakini sikuwahi hata siku moja kushuka niingie kwenye kitu kilichokipa kituo jina. Nikasema basi, leo tunaingia.

Kwenye msonge wa Wahaya alipita kama mgeni mwenye adabu. Akauliza nyasi zile zinafungwaje, akashangaa urefu wa paa, akasema watu hawa wana mvua nyingi. Tulipofika kwenye tembe akanyamaza. Akainamisha kichwa mlangoni kabla sijamwambia kwamba mlango ni mfupi. Halafu akasema kwa sauti, "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo. Ndani hapakuwa na mtu. Alisalimia hivyo hivyo, kwa sababu nyumba ya watu haiingiwi kimya.

Kwa kuwa haoni vizuri, aliisoma nyumba kwa viganja. Alipapasa ukuta mpaka akaipata nguzo, akapanda nayo taratibu hadi kwenye panda, pale mhimili unapolala, akaugonga mara mbili kwa ngumi kama anayepima nazi. "Hapa ndipo uzito wote ulipo," akaniambia. "Ukikosea panda, udongo wa paa unawashukia mmelala." Akanionyesha ikumbo, chumba cha mbele, ni wapi na kugati, chumba cha ndani, ni wapi, ndama walilala upande gani, lindo la gome la mti lililojaa uwele lilisimama wapi. Kisha akavuta pumzi ndefu kwa pua, akasema, "Haina moshi."

Nikamuuliza kwani moshi una nini. Akanieleza kwa subira, kama anavyoelezwa mtoto. Moto wa jikoni ndio unaolinda nyumba. Moshi unapanda, unaingia kwenye fito na mihimili, unaipaka weusi, na mti uliokolea moshi mchwa na wadudu wengine hawaupendi. "Nyumba ya tembe inakula moshi kila siku. Ikikosa, yenyewe ndiyo inaliwa."

Hapo ndipo mwalimu alipofika na watoto wake na neno lake.

Nataka niseme jambo hili kwa uzito wote nilionao. Mdogo wake bibi, babu yetu kule wilaya ya Bahi, anaishi kwenye tembe. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, alipanda juu ya paa lake na vijana wawili wakaongeza udongo mahali ulipokuwa umepasuka. Ana simu ya mkononi, ana kitambulisho cha taifa, anapiga kura. Huyo ni mtu wa kale wa wapi? Ukipita Dodoma na Singida vijijini utayaona matembe kwa macho yako, mengine yamejengwa juzi, na waliomo ndani wanasikiliza taarifa ya habari ile ile unayoisikiliza wewe. Mtoto anayeandika "waliishi" anafundishwa kwamba watu hao wamekwisha. Akikutana nao kesho, atawaona kama mabaki.

Na anakosa elimu yenyewe. Dodoma hupata takribani milimita 570 za mvua kwa mwaka, tena karibu zote katika msimu mmoja. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Ndiyo maana Mgogo aliweza kuweka paa bapa la udongo mzito juu ya miti, na Mhaya wa Bukoba, kwenye mvua nyingi zaidi, hakuthubutu. Paa hilo ni nene, jua la saa saba linagota juu na ndani kunabaki baridi. Juu yake unaanika mtama, karanga, majani ya mlenda. Ua wa ng'ombe uko katikati, nyumba zimeuzunguka, kwa hiyo fisi au mwizi lazima apite kwa binadamu kwanza. Hayo ni mahesabu, tena ya watu waliolijua eneo lao vizuri kuliko mkandarasi anayepeleka bati leo na kumwacha mama mjamzito akiokwa ndani mchana kutwa. Hilo ndilo lilistahili kuandikwa kwenye madaftari arobaini.

Bibi ana sababu nyingine ya kuumia, na hakuisema pale, aliisema usiku. Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Miaka minne tu baadaye, 1971, Operesheni Dodoma ikafika kwao. Watu wakahamishwa kwenye vijiji vipya vya ujamaa, nyumba kwa mstari, matofali, na tembe likawa alama ya kubaki nyuma. Bibi alikuwa mke kijana mwenye mtoto mgongoni. Anasema walichobeba kutoka kwenye tembe lao ni mlango, kwa sababu mbao zake zilikuwa nzito na nzuri, baba mkwe wake alizichonga mwenyewe. Nchi ile ile ilikuwa imelijengea tembe mahali pa heshima Dar es Salaam, huku Ugogoni ikiwaambia wenyewe waliache. Simlaumu aliyelijenga hapa. Namshukuru. Bila yeye, Jumamosi ile bibi asingepata nguzo ya kushika.

Nikubali na hili, japo sipendi. Bibi mwenyewe leo analala kwenye nyumba ya bati na hataki kurudi kwenye tembe. Giza lilikuwa giza kweli. Moshi uliolinda mihimili uliwachoma wanawake macho miaka yote, na nilipokuwa namshika mkono ili asijikwae kizingitini nililiwaza hilo. Sisemi turudi humo. Nasema tusiwazike waliomo wakiwa hai.

Basi, kwa walimu: ziara ya dakika ishirini haitoshi, na orodha ya makabila na nyumba zake si somo. Tafuteni mzee mmoja. Dar imejaa bibi na babu waliokuja kwa matibabu au kulea wajukuu, wamekaa sebuleni wakitazama ukuta, na vichwani mwao mna nyumba nzima nzima. Tangu miaka ya 1990 Kijiji hicho kimekuwa na siku za utamaduni ambapo watu wa jamii fulani huja na vyakula vyao, ngoma zao na mafundi wao. Siku hizo ndizo za kuwapeleka watoto, wakaone udongo ukikandwa na mti ukichongwa panda.

Watoto walipomaliza kuandika, msichana mmoja alichungulia mlangoni. Akamwona bibi, akashtuka kidogo, akasema, "Shikamoo bibi." Bibi akaitika marahaba, akamwita aingie. Mtoto akauliza, "Wewe unakaa humu?" Bibi akacheka, akamwambia alizaliwa kwenye nyumba kama hii, na kwamba usiku wa baridi alilala karibu na ndama ili apate joto. Akamshika mkono akaupeleka kwenye panda la nguzo. "Shika hapa. Unasikia?"

"Nasikia."

Nje mwalimu akawa anaita, muda umekwisha, basi linasubiri. Yule msichana hakutoka mara moja. Alikuwa amejinyoosha kwa vidole vya miguu, mkono mmoja juu kwenye mhimili, akimuuliza bibi ndama wake alikuwa na rangi gani.