Usijipige kifua, hukuichagua kinga yako

Juzi msibani nimemsikia mtu mzima akisema marehemu "hakuutunza mwili wake". Marehemu mwenyewe alikuwa kijana asiyevuta, asiyekunywa, anayekimbia karibu kila asubuhi. Mafua makali yakamwondoa. Msemaji wetu aliugua mafua hayo hayo, akakohoa wiki moja, na sasa ni profesa wa tangawizi na kulala mapema. Nilinyamaza kwa ajili ya wafiwa, lakini hapa sinyamazi.

Virusi vikiingia mwilini, kingamwili mpya, yaani protini za kuvikamata, huchukua siku kadhaa kutengenezwa. Kabla ya hapo tunategemea vipokezi, protini za seli zinazomtambua mgeni na kuiamuru seli itoe intaferoni, kemikali ya tahadhari ambayo huziamsha seli jirani zijihami. Kila hatua ina protini yake, na kila protini ina jeni yake. Jeni moja ikiwa na hitilafu, tahadhari inachelewa na virusi vinazaliana bila bughudha. Mwili ukija kushtuka, unashtuka kwa fujo, na uvimbe wake unaweza kuumiza mapafu kuliko virusi vyenyewe. Mwaka 2015 watafiti walieleza habari za mtoto wa kike aliyepata mafua ya kutishia maisha kabla hajatimiza miaka mitatu. Nakala zake zote mbili za jeni ya IRF7, inayosaidia kuamuru intaferoni itolewe, zilikuwa na kasoro. Mwambieni na yeye ale mboga.

Mnakumbuka wakati wa Uviko tulivyokuwa tukitafuta kosa la kila aliyekufa? Mwaka 2020 Uholanzi walichunguzwa vijana wa kiume wanne, jozi mbili za ndugu, wote chini ya miaka 35 na wazima kabla ya hapo. Wote waliugua vibaya, mmoja akafa. Kasoro ilikuwa kwenye TLR7, jeni ya kimojawapo cha vile vipokezi, iliyo katika kromosomu X (kromosomu ni nyuzi za seli zinazobeba jeni). Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama, kwa hiyo ikiharibika hana ya akiba.

Wanaosema ni malezi na chakula cha nyumbani wasome utafiti wa Denmark wa mwaka 1988 kuhusu watoto waliolelewa na wazazi wa kuasili. Aliyefiwa na mzazi wa damu kwa maambukizi kabla mzazi huyo hajafika miaka 50 alikuwa na hatari ya kufa kwa maambukizi karibu mara sita ya wengine. Wazazi walezi, waliokula naye meza moja, vifo vyao kwa maambukizi havikuonyesha uhusiano huo.

Haya, nakubali, jeni si kila kitu. Umri upo, kisukari kipo, chanjo ipo. Lishe nayo, basi, ili mtu asiseme nimeikataa.

Kinachonichosha hasa ni hiyo "kinga imara". Imara dhidi ya nini? Mwenye nakala mbili zilizokatika za CCR5, jeni ya mlango ambao VVU huutumia kuingia kwenye seli, hakamatwi kirahisi na VVU, ila virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu, vikimpata ana hatari kubwa zaidi ya kuugua. Kipande cha kromosomu ya 3 ambacho baadhi ya watu wamekirithi kwa Waneanderthali, binadamu wa kale waliotoweka, huongeza hatari ya Uviko mkali, na mwaka 2022 kikaonekana kupunguza hatari ya kupata VVU. Mwili ule ule, jeni zile zile! Wale wa "damu ya watu wetu ni kali" sina muda nao.

Kijana mzima akilazwa chumba cha mahututi kwa virusi ambavyo wenzake wamevipita kwa kupiga chafya, acheni kuuliza alikuwa anakula nini. Muulizeni daktari kama kasoro ya kinga ya kurithi imefikiriwa, na kama kaka na dada zake wapimwe. Wao bado wapo, na msimu ujao wa mafua hautachelewa.