"Mjomba, huko bangi ruksa?"

Tangu Aprili 2024, Ujerumani ninakoishi ilipoiruhusu bangi, mpwa wangu wa Temeke, Dar es Salaam, hanipigii simu bila kuuliza hilo. Ruksa, namjibu, ila ngoja nikueleze ruksa yenyewe. Mtu mzima anatembea na gramu 25, nyumbani anaweka 50 na miche mitatu, basi. Shule au uwanja wa kuchezea watoto ukionekana, havuti. Duka hakuna, asiyetaka kulima mwenyewe anajiunga na klabu isiyozidi wanachama 500, anajaza fomu. Wajerumani hata moshi wanauwekea fomu. Tukifika hapo mpwa wangu hupoa.

Mimi ningependa aone kitu kingine. Nafanya zamu ya usiku karibu na stesheni kuu ya Frankfurt. Alfajiri nikitoka nawapita waliojikunja ukutani. Juzi mmoja, kiatu mguu mmoja tu, alikuwa anamulika lami kwa tochi ya simu akitafuta punje ya kreki, kokeini ya kuvuta, iliyodondoka, au aliyodhani imedondoka. Ruhusa ya bangi haikumpunguzia huyo chochote. Hatua chache kutoka pale kuna vyumba ambavyo teja anaingia na unga wake, yaani heroini, anapewa sindano safi, na akizidiwa yupo mtu wa kumwokoa. Mji ulianza navyo miaka ya 1990, baada ya watu wengi kufa. Nilipovisikia mara ya kwanza niliona wazimu, serikali kumtandikia teja meza! Sasa sisemi tena.

Na nyumbani Tanzania si kwamba hatuna kitu. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadone, dawa ya kunywa badala ya heroini, mwaka 2011, bure, wakati nchi nyingi za Afrika hazijathubutu. Rafiki yangu wa utotoni mtaa mzima ulimwita mwizi, na kweli alikuwa mwizi. Aliondoka na sufuria ya mama ikiwa bado na maharage. Leo ni mtu wa dozi. Likizo iliyopita nilimsindikiza. Foleni, anataja namba yake, anapewa kikombe, anakunywa palepale dirishani, kisha anatakiwa aongee ionekane amemeza. "Asante, dada," akasema, tukaondoka. Kinachomtesa sasa ni nauli: daladala mbili kwenda, mbili kurudi, kila siku ya Mungu. Akikosa, arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa. Na kibarua gani kitamsubiri mpaka saa nne?

Ndiyo maana mabishano ya bangi yananichosha. Huyu anasema ni dawa ya kila kitu, yule anasema ndiyo mlango wa unga, na wote wawili hawajawahi kukaa kwenye ile foleni. Sitaki mpwa wangu avute. Akili ya kijana bado inajengeka, na hata huku aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Lakini kusoma gazetini kwamba mtu kapigwa miaka 30 kwa viroba vya bangi, hilo nalo siwezi kulitetea. Ningepewa kura, ningeanza na methadone isogezwe jirani na watu. Gramu tutabishania baadaye.

Jana nilimwuliza kama anajua dirisha la dozi liko wapi hapo kwao. Hakujua. Akanyamaza kidogo, kisha:

"Hiyo miche mitatu, mjomba, ni midogo au mikubwa?"