Asilimia 20 za 8b/10b hazipotei bure

Ukiwatajia 8b/10b, mfumo wa kusimba data unaogeuza kila biti 8 kuwa biti 10 kabla ya kuzituma, vijana wanaosomea usanifu wa chipu, wengi watakwambia ni mfumo wa kizamani unaokula asilimia 20 ya kasi. Hesabu yao ni sahihi. USB 3.0 hutangazwa kuwa ya gigabiti 5 kwa sekunde, lakini kila biti 8 za data hupita kwenye laini zikiwa biti 10, hivyo kinachobaki ni gigabiti 4, yaani megabaiti 500. Ninachokataa ni kuziita biti hizo mbili hasara.

Tazama hali ya kipokezi. Waya wa saa, wa kukiambia kila biti inaanza lini, hakina. Kina jozi moja tu ya nyaya, na kwa kasi hiyo biti moja hudumu pikosekunde 200, muda ambao mawimbi kwenye bodi ya kawaida huenda kama sentimita 3. Mipaka ya biti inabidi kiitambue kwa kutazama pale 0 inapogeuka 1 na 1 inapogeuka 0. Zikipita sifuri tupu mfululizo, hakuna cha kutazama, saa yake inaanza kuhama, na hatimaye kinasoma uongo. Isitoshe, njiani mna kapasita, inayopitisha mabadiliko ya volti tu. 1 zikizidi 0 kwa muda mrefu, kiwango cha volti kinahama na kipokezi kinashindwa kutofautisha ipi ni ipi.

Al Widmer na Peter Franaszek wa IBM walichapisha dawa ya yote hayo mwaka 1983, na mimi hadi leo naistaajabia. Chukua baiti 00000000. Inakatwa biti 5 na biti 3. Zile tano zinakuwa 100111, zile tatu 0100. Kinachotoka ni 1001110100: 1 tano na 0 tano. Kama mizani, yaani hesabu ya 1 na 0 zilizokwisha kupita kwenye laini, ilikuwa imeelemea upande wa 1, baiti hiyohiyo hutoka 0110001011. Katika mfumo mzima, biti za aina moja hazifuatani zaidi ya tano. Halafu kuna K28.5, alama isiyo data, 0011111010. Sifuri mbili zikifuatwa na moja tano ni mpangilio usiotokea popote ndani ya data, hata ukianza kusoma katikati ya baiti. Kipokezi kikiuona, kimeshajua baiti zinaanzia wapi.

PCIe 3.0, toleo la njia inayounganisha kadi na vifaa ndani ya kompyuta, iliachana na 8b/10b mwaka 2010. Walitaka kukaribia kuongeza kasi mara mbili bila kupanda kutoka gigabiti 5 hadi 10 kwenye laini, wakaishia 8 na kutumia 128b/130b, ambapo biti 128 za data huongezewa biti 2 tu. Siwalaumu, maana kwa kasi hizo shaba ya bodi humeza mawimbi vibaya sana. Lakini tujue walichokitoa: mabadiliko yenye uhakika ni yale ya biti mbili za mwanzo wa kila fungu, na yanayofuata yanategemea data kuvurugwa kiasi kwamba mfululizo mrefu wa aina moja uwe nadra. Nadra, si marufuku.

Kwa hiyo anayeunganisha FPGA mbili (chipu ambazo mtumiaji huzipangia saketi mwenyewe) ndani ya mashine moja, kwa gigabiti 1 au 2, sioni kwa nini akimbilie mfumo mpya. Na mwanafunzi asianze kwa kupachika kisimbuzi kilichoandikwa na mwingine. Laini ikigoma kushika atabaki anakodolea macho taa, hajui kama shida ni saa, mipaka ya baiti au mizani. Aandike kisimbuzi chake kwa Verilog, lugha ya kuelezea saketi. Maneno ya biti 10 ni 1024, mizani ina hali mbili, kwa hiyo kuna hali 2048 za kupima, na kompyuta huzimaliza zote kufumba na kufumbua. Kila moja ataiona ni halali au haramu, na atajua biti moja iliyogeuzwa hugundulika ama papo hapo, ama baadaye mizani inapokataa. Kivurugaji cha 64b/66b, ndugu wa 128b/130b, kina kumbukumbu ya biti 58, na hali zake hakuna atakayezipima moja baada ya nyingine.